Kanuni za Shule Ziwafunge na Wakubwa



Kila ifikapo Januari, nyumba yenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza huwa na fomu inayopita mkono hadi mkono. Ni ile fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule. Baba anatazama ukurasa wa michango. Mama anaweka alama kwenye orodha ya vifaa: godoro, ndoo, jembe, fagio la chelewa, rimu ya karatasi. Mtoto mwenyewe anatafuta habari ya viatu. Kurasa za mwisho, zenye sheria na kanuni za shule, zinasainiwa usiku wa kuamkia safari, na mara nyingi hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyezisoma.

Leo naomba tuzisome pamoja.

Kurasa hizo zinafanana sana, mtoto awe anakwenda shule ya Tandahimba au ya Tarime. Mwanafunzi awahi kila shughuli ya shule. Avae sare. Ajue mipaka ya shule na asitoke bila ruhusa. Atunze usafi wa mwili, mavazi na mazingira. Awaheshimu walimu, wazazi, wafanyakazi, wanafunzi wenzake na jamii nzima. Kisha inafuata orodha ya makosa yanayoweza kumwondoa shuleni: wizi, ulevi, dawa za kulevya, kupigana, kuharibu mali, kushawishi mgomo, kukataa adhabu kwa makusudi.

Sina ugomvi na madai hayo. Shule yenye watoto mia nane haiwezi kwenda bila kengele inayotiiwa. Mtoto anayetoroka vipindi anajiibia mwenyewe, na anayempiga mwenzake bwenini anamnyang'anya usingizi na amani. Nidhamu ni haki ya yule mtoto mpole aliyekaa dawati la nyuma, anayetaka kusoma na hana wa kumtetea.

Lakini rudi kwenye kurasa hizo, msikilizaji, na utafute jambo moja. Tafuta mahali palipoandikwa mwalimu atafanya nini kabla ya kumwadhibu mtoto wako. Je, atamsikiliza kwanza? Nani anaruhusiwa kuadhibu, na nani haruhusiwi? Adhabu itaandikwa wapi? Mtoto akionewa, amwendee nani? Katika fomu nyingi hutayaona hayo. Mtoto ameandikiwa wajibu wake wote, na watu wazima hawakuandikiwa wa kwao.

Wajibu wao upo. Umeandikwa tangu zamani, ila haukuwekwa mikononi mwa mzazi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni za adhabu ya viboko, na kanuni hizo zipo. Zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa, au kosa linaloishushia shule heshima. Zinasema adhabu ilingane na uzito wa kosa, na iangalie umri, jinsia na afya ya mtoto. Viboko visizidi vinne kwa mara moja. Fimbo iwe nyepesi, inayonyumbulika, na ipigwe mkononi au makalioni, mtoto akiwa na nguo zake. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa hiyo na mkuu kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike, na hapo mkuu wa shule ndiye mwenye ruhusa. Kila adhabu iandikwe kwenye daftari: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Baadaye ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza mateso na adhabu za kikatili, na inayosema kumrudi mtoto kusikokuwa na kiasi, kwa umri na hali yake ya mwili na akili, hakuna uhalali.

Mzazi unayenisikiliza, umewahi kuliona daftari hilo katika shule ya mwanao? Umewahi kuambiwa ni mwalimu gani mwenye ruhusa ya maandishi?

Mimi ni miongoni mwa wanaotamani viboko viondoke kabisa shuleni. Najua wengi mnaonisikiliza hamkubaliani nami, na kwa leo sitabishana nanyi juu ya hilo. Naomba tukutane mahali ambapo sote tunaweza kusimama: sheria iliyopo ifuatwe. Kwa sababu hivi sasa, katika shule nyingi, haifuatwi.

Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa nchini mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa 2011, ulionyesha kwamba takriban nusu ya vijana walioulizwa walipigwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Nusu ya watoto wa taifa haiwezi kuwa na makosa makubwa ya kuishushia shule heshima. Naamini wengi wao walichapwa kwa kukosa hesabu, kwa kuchelewa namba, kwa kupiga kelele darasani, au kwa sababu darasa zima lilichapwa.

Oktoba 2016 nchi nzima iliona picha za video kutoka shule moja ya sekondari jijini Mbeya. Wanachuo wa ualimu waliokuwa mazoezini walimzunguka mwanafunzi mmoja ndani ya ofisi ya walimu na kumpiga. Serikali ililaani na kuchukua hatua. Agosti 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Alipigwa, akafa. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu aliyempiga adhabu ya kifo. Familia moja ikamzika mtoto, familia nyingine ikabaki na mtu wao aliyehukumiwa kunyongwa. Naomba tulitazame jambo hilo kwa uchungu unaostahili. Tuhuma ya mkoba ilihitaji mtu mzima mmoja wa kusema: ngoja, tuulize kwanza.

Oktoba 2019, mkuu wa mkoa wa Mbeya wakati huo, Albert Chalamila, alikwenda shule ya sekondari wilayani Chunya baada ya mabweni kuungua, na akawachapa viboko wanafunzi 14 waliotuhumiwa. Rais wa wakati huo, Magufuli, alimpongeza hadharani, na wananchi wengi wakashangilia. Kuchoma bweni ni kosa kubwa mno, ni kosa la jinai. Lakini kanuni tulizozisoma hivi punde zimemtaja mkuu wa shule na mwalimu mwenye ruhusa ya maandishi. Mkuu wa mkoa hakutajwa.

Sasa tujiulize, mwanafunzi aliyesimama mstarini siku kama hiyo amejifunza nini? Ameambiwa kwamba sheria zifuatwe. Ameona kwa macho yake kwamba mwenye cheo hahitaji kuzifuata. Kati ya neno alilosikia na tendo aliloliona, mtoto huchukua tendo. Akikua akawa karani, askari, diwani au mwalimu, atalitumia somo hilo.

Nawasikia walimu wakinijibu, na majibu yao yana uzito. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, madarasa yamefurika. Mwalimu mmoja anaingia chumba chenye watoto zaidi ya mia, wengine wamekaa sakafuni, na ana dakika arobaini za kipindi. Hakufundishwa chuoni namna ya kulituliza darasa la aina hiyo. Fimbo inafanya kazi kwa sekunde tano, na kuongea kunataka nusu saa ambayo hana. Na akiacha kuchapa, mzazi yuleyule anakuja kulalamika kwamba shule imelegea. Mzazi huyo anamkumbusha kwamba mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Methali hiyo naikubali. Mtoto asiyekatazwa lolote atakuja kuwaliza wazazi wake. Lakini mtoto hulia pia anapozuiwa kwenda matembezi, anapotakiwa kuomba radhi mbele ya aliyemkosea, anapofanya kazi kulipia dirisha alilovunja. Wahenga walitutaka tuwe na ujasiri wa kumrudi mtoto. Kiasi na njia walituachia sisi na busara zetu.

Kuna wanaosema: tazameni Kenya, waliondoa bakora wakapata moto. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa tarehe. Kenya iliondoa adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikafanya kumpiga mwanafunzi kuwa kosa lenye faini na kifungo. Ni kweli, moto umeendelea. Mwaka 2016 pekee shule zaidi ya mia ziliunguzwa. Lakini Julai 1991, katika shule ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wavulana waliwavamia usiku wasichana waliokataa kuungana nao katika mgomo, na wasichana 19 wakafa. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto wakiwa chumbani mwao. Miaka hiyo yote miwili bakora ilikuwa halali, na ilikuwa ikitumika kila siku. Haikuzuia maovu hayo.

Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kabla ya usiku ule, shule ilikuwa na manung'uniko juu ya matokeo ya mtihani yaliyofutwa na juu ya ada. Hakuna manung'uniko yanayomhalalishia mtu kuwachoma wenzake. Ila shule inayotaka kuzuia moto inapaswa kuwa na mahali ambapo manung'uniko yanatamkwa mchana, mbele ya mtu mzima anayesikiliza, kabla hayajatamkwa usiku.

Na hao viranja wanne wa Nyeri wanatufundisha jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Katika shule nyingi za bweni, mtu anayemwadhibu mtoto wako mara nyingine si mwalimu. Ni kiranja. Kijana wa miaka 17 amepewa uwezo wa kumpigisha mwenzake magoti, kumnyima chakula, kumwamsha saa tisa usiku akadeki. Amepewa mamlaka bila mafunzo, bila mipaka na bila wa kumkagua. Akiyatumia vibaya, chuki inamwangukia yeye na kuiacha ofisi iliyompa. Mwaka 2009 Kenya ilianza kuyasimamisha mabaraza ya wanafunzi katika shule za sekondari, viongozi wakichaguliwa na wenzao kuwasemea. Mabaraza hayajamaliza matatizo, lakini yamewapa watoto mlango wa kubisha. Nasi tunayo mabaraza na serikali za wanafunzi katika shule zetu. Yako wapi mabaraza yanayokutana kweli, yenye mihtasari, na yanayopata majibu ya mkuu wa shule?

Msikilizaji, nisikuache na lawama tupu. Twende Uganda.

Katika wilaya ya Luwero, kaskazini ya Kampala, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na shule za msingi. Walimu na wanafunzi waliunda kamati, wakatunga kanuni zao pamoja, wakakubaliana kosa gani litafuatiwa na hatua gani, na wakaweka vikao vya wanafunzi vya kusikiliza mashauri madogo. Watafiti walizifuatilia shule 42, nusu zikiwa kwenye mpango huo na nusu nje yake. Matokeo yalitoka mwaka 2015: baada ya miezi 18, uwezekano wa mwanafunzi kupigwa na mwalimu au mfanyakazi wa shule ulikuwa umepungua kwa asilimia 42 katika shule zilizofuata mpango, zikilinganishwa na zile nyingine. Hizi ni shule za msingi za nchi jirani.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu kinachomtuliza mtoto ni kujua kwa hakika nini kitafuata akikosea, na kuona kwamba kinafuata kwa kila mtu, leo na kesho. Fimbo ya leo kali, ya kesho hakuna, ya keshokutwa kulingana na hasira ya mwalimu, humfundisha mtoto kubahatisha. Atakosea akitumaini kwamba leo ni ile siku ya bahati.

Chukua kosa la kuchelewa. Dar es Salaam, mtoto amesimama kituoni alfajiri. Daladala tatu zimepita, konda ameziba mlango kwa mkono, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Mtoto anafika getini saa moja na nusu na kukuta mwalimu wa zamu ameshika fimbo. Anachapwa, anaingia darasani akilia, na kesho konda ni yuleyule. Hapo hakuna kosa lililorekebishwa. Mwalimu wa zamu mwenye daftari la waliochelewa anaandika jina, saa na sababu. Ijumaa analifungua. Jina lililojitokeza mara moja analiacha. Jina likijitokeza mara nne, anamwita mtoto, kisha mzazi. Hapo ndipo atagundua nani anakaa mbali, nani anateka maji kabla ya kuja, nani anawauguza wadogo zake, na nani ni mzembe tu. Mzembe apewe kazi baada ya masomo, amwagilie bustani au afagie uwanja wakati wenzake wanacheza mpira. Ataumia, na atajua kwa nini.

Chukua simu. Shule nyingi zinaikataza, na sababu inaeleweka. Lakini zipo shule zinazozikusanya simu na kuziponda kwa nyundo mbele ya wanafunzi. Tunamwambia mtoto kwamba kuharibu mali ni kosa la kufukuzwa, kisha tunaharibu mali mbele yake. Simu iandikwe, ifungiwe ofisini, mzazi aitwe, irudishwe mwisho wa muhula. Kanuni itakuwa imesimama, na hakuna aliyevunja nyingine ili kuisimamisha.

Chukua wizi. Kabla ya lolote, mtuhumiwa aulizwe akiwa peke yake, na aliyeibiwa aulizwe akiwa peke yake. Mwalimu aliyeibiwa asiwe yeye mwenyewe mwamuzi. Ikithibitika, kilichoibwa kirudishwe au kilipwe, aliyeiba aombe radhi, na mwalimu wa ushauri na unasihi akae naye ajue shida iko wapi. Kosa likiwa zito, lipelekwe bodi ya shule, mzazi akiwepo. Kumfukuza mtoto ni kumwondolea elimu, na uamuzi wa namna hiyo haufai kufanywa kwa hasira ya asubuhi moja.

Na kanuni yenyewe ikionekana inaumiza kuliko inavyojenga, inabadilishwa. Kwa miaka mingi, hapa Tanzania, msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni moja kwa moja. Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango wa kurudi masomoni, na shule hazikuporomoka.

Haya si mambo ya kuletewa na wageni. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka kila shule iwe jumuiya inayofanya kazi na kujitegemea, na alitaka wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shamba na ya shule yao, kwa sababu walikuwa wakiandaliwa kuwa raia wa nchi huru. Tulilichukua jembe, tukawapa watoto walime. Maamuzi hatukuwapa.

Kwa hiyo, msikilizaji, nakuachia mambo ya kufanya.

Wewe mzazi, itafute ile fomu. Zisome kurasa za mwisho pamoja na mwanao, moja baada ya nyingine, na umwulize kama anaelewa kila kanuni imewekwa kwa nini. Mwambie wazi kwamba unamtaka azifuate. Kisha kwenye kikao cha wazazi nyosha mkono uulize, kwa heshima: daftari la adhabu liko wapi, na nani ameruhusiwa kuadhibu? Usimwambie mwalimu "mchape tu, ni wa kwako". Kwa neno hilo umemvua mtoto ulinzi wa sheria, na umemwingiza mwalimu katika hatari ambayo Bukoba iliiona.

Wewe mwalimu, najua mzigo wako. Unapokuwa na hasira, usiadhibu saa hiyo. Andika jina, endelea na somo, rudi baadaye. Mwanafunzi akisema "mwalimu, sikufanya", msikilize mpaka amalize, hata kama unahisi anadanganya.

Wewe mkuu wa shule, bandika ukutani wajibu wa walimu kando ya wajibu wa wanafunzi. Waite viranja wako, uwaambie adhabu zipi hawana ruhusa ya kuzitoa. Nanyi wajumbe wa bodi na kamati za shule, ombeni daftari la adhabu kila muhula, kama mnavyoomba hesabu za fedha. Msipolikuta, mjue mmeambiwa jambo kubwa.

Tunalalamika kila siku juu ya viongozi wasiojali sheria, askari wanaopiga kabla ya kuuliza, mabosi wanaofukuza watu bila kuwasikiliza. Watu hao wote walipita katika shule zetu, wakakaa humo miaka mingi. Basi tuanzie shuleni. Mtoto akue akiona kanuni ikimzuia yeye anapotaka kuchelewa, na ikimzuia mwalimu wake anapotaka kupiga. Atakayekua hivyo, siku akipewa ofisi, atajua kwamba nayo ina mipaka.